Kipepeo na Jina la Mfadhili

Katika elimu ya wadudu upo mtindo wa kuliandika jina la mdudu likifuatwa na jina la mtu aliyelitunga pamoja na mwaka aliolitangaza. Huandikwa, kwa mfano, Colias boothii Curtis, 1835. Mpenzi wa mashairi ya mwambao hatauona mtindo huu kuwa kitu kigeni, maana tamati za watunzi wetu wengi hufanya kazi iyo hiyo: ubeti wa mwisho humtaja mtunzi, na pengine mji wake na mwaka wake, ili asije mwingine akaidai kazi isiyo yake. Tofauti ni moja. Mshairi hujitaja mwenyewe bila ya haya, ilhali kwa wataalamu wa wadudu ni aibu kubwa mtu kumpa kiumbe jina lake yeye. Hana budi kumpa la mwingine, au la sifa, au la mahali. Basi kila unapokuta jina la mtu limebandikwa juu ya kipepeo, ni halali kuuliza: huyu ni nani, na kalipata kwa njia gani?

Booth wa jina hili ni Felix Booth, tajiri wa London aliyepata mali yake kwa kutengeneza jini. Nasema jini ya kunywa, ile pombe kali nyeupe, wala si jini wa makaburini na mibuyuni. Kipepeo mwenye jina lake huruka katika tundra za kaskazini ya mbali, yaani zile nyanda zisizoota mti hata mmoja, ambako udongo wa chini haukosi barafu mwaka mzima. Booth hakufika huko hata siku moja. Hata hivyo, rasi kubwa inayokamilisha ncha ya kaskazini ya bara la Amerika inaitwa Boothia, na ghuba iliyo mashariki yake ni Ghuba ya Boothia. Na bandari ya kwanza ambamo meli aliyoilipia ilinaswa na barafu iliitwa Felix. Si haba kwa mtu ambaye hakutoka mjini kwake. Ili kuelewa mambo yalivyofikia hapo, yatupasa turudi nyuma hadi mwaka 1818, kwenye milima ambayo haikuwapo.

Mwaka huo Jeshi la Majini la Uingereza lilimtuma nahodha John Ross kaskazini akatafute njia ya bahari kutoka Atlantiki hadi Pasifiki kwa kupitia juu ya Amerika. Njia hiyo iliwasumbua mabaharia wa Ulaya kwa zaidi ya karne tatu. Ross aliingia katika mlango wa bahari uitwao Lancaster, akatazama mbele, akaona safu ya milima imeufunga. Wenzake kadhaa hawakuiona. Yeye hakungoja, aliichora milima ile katika ramani yake, akaipa jina la John Wilson Croker, katibu wa wizara ya majini, kisha akageuza meli akarudi nyumbani. Mwaka uliofuata, 1819, William Edward Parry, ambaye alikuwa naye katika safari ile, alirudi mahali pale na meli zake akapita katikati ya Milima ya Croker kama mtu apitaye katika moshi. Hapakuwa na mlima. Pengine macho ya Ross yalidanganywa na hewa ya baridi, ambayo huko kaskazini huinua vitu vya mbali na kuvining'iniza juu ya upeo, mfano wa mazigazi ya jangwani. Lakini katibu aliyepewa milima, kisha ikawa haipo, hasahau upesi. Ross akawekwa kando kwa miaka kumi.

Alipotaka kwenda tena, serikali haikumpa hata kamba. Akamwendea rafiki yake Booth. Hapo pana jambo la kumsifu tajiri huyu, nami nisingependa kulipita kwa sababu tu ya biashara yake. Bunge la Uingereza lilikuwa limeahidi zawadi ya pauni 20,000 kwa atakayeipata njia ile, na Booth alikataa kutoa fedha maadam zawadi hiyo ingali ipo, asije akadhaniwa kuwa anatega mali kwa kisingizio cha elimu. Sheria ya zawadi ilipofutwa mwaka 1828, alifungua mkoba. Alitoa takriban pauni 17,000, kiasi ambacho zama zile kilikuwa utajiri mzima wa mtu. Akaomba jina lake lisitangazwe. Kwa bahati mbaya, au nzuri, Ross hakuwa mtu wa kulificha jina la mfadhili.

Meli yao, Victory, iliondoka London mwezi wa Mei 1829. Ilikuwa na mtambo wa mvuke wa aina mpya, kazi ya mafundi Braithwaite na Ericsson, na mtambo huo uliwatesa tangu mwanzo hata ukafikia kuchukiwa na kila baharia. Majira ya baridi yalipowakuta upande wa mashariki wa ile rasi, waliufungua vipande vipande na kuutupa nchi kavu, wakabaki na tanga. Walitumaini barafu itayeyuka kiangazi kijacho na kuwaachia njia. Ikayeyuka kidogo, meli ikasogea maili chache tu, ikanaswa tena. Mwaka wa tatu hali ikawa ile ile. Mnamo Mei 1832 waliiacha Victory mahali ilipo, wakaburuta mashua na vyakula juu ya barafu hadi pwani ambako Parry alipoteza meli yake Fury mwaka 1825 na kuacha shehena ya chakula. Wakajenga nyumba ya mbao na turubai, wakamaliza humo majira ya nne ya baridi. Agosti 1833, wakiwa mashuani, waliokolewa na meli ya wavuvi wa nyangumi iliyoitwa Isabella. Ilikuwa ni Isabella ile ile ambayo Ross aliiongoza mwaka 1818. Nahodha msaidizi wake alipomwambia Ross kwamba Ross alikwisha kufa miaka miwili nyuma, ilimbidi mzee yule aeleze kuwa habari hiyo haikuwa sahihi.

Watu hawa hawakuponea ujasiri wao peke yao. Tangu Januari 1830 walitembelewa na Wainuiti wa jamii ya Netsilik, wenye nchi ile, ambao waliwaletea samaki na nyama ya sili. Nyama mbichi yenye mafuta ndiyo kinga ya kiseyeye, maradhi yaliyoua mabaharia wengi kuliko mizinga, na Ross alikuwa miongoni mwa wachache wa wakati wake waliokubali kujifunza hivyo kutoka kwa wenyeji. Mgeni mmoja, Tulluahiu, alikuwa amepoteza mguu kwa dubu. Seremala wa meli akamchongea mguu wa mti, akaenda zake akitembea. Mwingine, Ikmallik, alishika kalamu na kuwachorea ramani ya pwani, akawaonyesha kwamba upande wa kusini hawatapata njia ya kutokea. Ramani hiyo ilichapishwa katika kitabu cha Ross. Kwa maneno mengine, nchi ambayo Ross aliigawia jina la Booth ilikuwa imekwisha kuchorwa, kwa mkono wa mtu aliyejua kila hori lake, mbele ya macho ya Ross mwenyewe. Sisi wa mwambao mchezo huu tunaufahamu. Mwaka 1858 John Hanning Speke, akiwa katika msafara uliotayarishwa Unguja, alisimama ukingoni mwa ziwa ambalo watu wake waliliita Nyanza, akaliandika kwa jina la malkia wake.

Sasa tufike kwa vipepeo. Makamu wa Ross alikuwa mpwa wake, James Clark Ross, kijana aliyependa elimu ya viumbe kama alivyopenda dira. Yeye ndiye aliyeipata, tarehe 1 Juni 1831, katika pwani ya magharibi ya Boothia, ile ncha ya sumaku ya kaskazini ambako sindano ya dira husimama wima ikielekea ardhini. Kuhusu tukio hilo yameandikwa mengi. Machache yameandikwa kuhusu kazi yake nyingine, ya kukusanya mimea, ndege na wadudu wakati wa viangazi vile vifupi ambavyo mabaharia wenziwe walivitumia kulaani barafu.

Msomaji aliyezoea vipepeo wa bustani za visiwani, wanaoruka mwaka mzima, huenda akajiuliza kipepeo anaishije mahali ambapo jua halionekani kwa wiki nyingi. Jibu ni kwamba maisha yake karibu yote si ya kuruka. Kiwavi hutoka katika yai wakati wa kiangazi, hula kidogo, kisha baridi humkuta. Hulala chini ya theluji, ambayo kwake ni blanketi, mpaka jua lirudi. Kwa vipepeo kadhaa wa kaskazini kiangazi kimoja hakitoshi, na kiwavi hulala majira mawili ya baridi kabla ya kukomaa. Viwavi wa jamii ya Colias hula majani ya mimea midogo ya jamii ya kunde, itambaayo juu ya changarawe. Siku za kuwa na mbawa ni chache, aghlabu katika Julai, na hata siku hizo ni za masharti: wingu likifunika jua, kipepeo hushuka papo hapo na kujibanza majanini.

Hapo ndipo ilipo hekima ya mwili wake. Kipepeo hana moto wake wa ndani kama ndege. Ili misuli ya Colias ifanye kazi ya kuruka barabara, yahitaji joto la nyuzi kama 35, na hewa ya Boothia mchana wa Julai huenda isifike hata nyuzi 10. Basi huliomba jua. Hutua, hufunga mbawa zake juu ya mgongo, kisha hujilaza upande ili ubavu wote uelekee jua sawasawa. Mbawa za nyuma, kwa upande wa chini, si za njano safi. Zimenyunyiziwa magamba meusi yanayofanya rangi ionekane ya kijani kibichi kilichokoza, na weusi huo ndio unaonywa joto na kulipeleka mwilini. Kadiri unavyokwenda kaskazini, au unavyopanda mlima, ndivyo weusi unavyozidi. Mwenziwe wa kahawia, nitakayemtaja hapa chini, ana njia nyingine: hufungua mbawa zake za giza na kuzitandaza kama jamvi la kuanika. Peter Kevan na Joseph Shorthouse waliwatazama vipepeo wa kisiwa cha Ellesmere, kaskazini zaidi ya Boothia, wakaeleza mikao hii mwaka 1970. Kevan alionyesha baadaye kwamba hata maua ya huko hugeuka kulifuata jua, na ndani ya kikombe cha ua mna joto zaidi kuliko nje, wadudu wakaota humo. Natamani mshairi mmoja wetu alichukue jambo hili. Kipepeo na taa tumekwisha kumchosha.

Wadudu waliofika London kutoka Boothia walikabidhiwa John Curtis. Huyu alikuwa mchoraji na mchongaji wa nakshi za kuchapishia vitabu kabla ya kuwa mtaalamu, na kazi yake kubwa juu ya wadudu wa Uingereza, iliyotoka kwa sehemu baina ya 1824 na 1839, husifiwa hadi leo kwa picha zake. Katika nyongeza ya kitabu cha safari ya Ross, iliyotoka mwaka 1835, Curtis aliwaeleza wale vipepeo mmoja mmoja. Yule wa njano iliyoingiwa na wekundu wa chungwa, mwenye ukingo wa giza katika mbawa, akamwita boothii. Mwingine, wa kahawia iliyokaribia nyeusi, mwenye vidoa kama macho karibu na ncha ya bawa la mbele, akampa jina la ukoo wa Ross: rossii. Mdogo mmoja wa jamii ya vipepeo wa buluu akawa franklinii, kwa heshima ya John Franklin, msafiri mwingine wa kaskazini. Kwa hiyo ukurasa wa vipepeo ulikuwa kama orodha ya wageni waalikwa katika karamu. Mwaka huo huo wa 1835 Booth alipewa na mfalme cheo cha kurithiwa na ukoo, na Ross alikwisha kupata cha kwake mwaka uliotangulia. Hakuna Ikmallik katika orodha ya Curtis, wala Tulluahiu.

Lakini majina yana sheria zake, na sheria hizo hazijui fadhila. Ya kwanza ni kwamba jina lililotangazwa mapema hulishinda lililochelewa, iwapo itaonekana kuwa viumbe wawili walioitwa tofauti ni kitu kimoja. Kipepeo wa Booth amekuwa na bahati mbaya katika hilo. Wapo waliosema kwamba si spishi kamili, bali ni chotara azaliwaye pale wanapokutana Colias hecla, wa rangi ya chungwa, na Colias nastes, aliye hafifu. Na kweli sura yake imekaa baina ya hao wawili, na jamaa hawa wa Colias hawana ukali wa mipaka katika ndoa zao. Wengine wakaona kwamba yupo kwa haki yake, ila ndiye yule yule aliyekwisha kuelezwa kutoka Siberia na Böber mwaka 1812, miaka 23 kabla ya Curtis, kwa jina la tyche. Ikiwa hivyo, basi jina la spishi ni Colias tyche, na boothii hushuka daraja likawa la kabila moja tu miongoni mwa makabila yake ya Amerika. Na Tyche ni nani? Kwa Wagiriki wa kale ndiye mungu wa kike wa bahati. Nimelicheka jambo hili mara nyingi: fedha zimeshindana na Bahati, na Bahati imetangulia kwa miaka 23.

Jina la Ross limesimama imara zaidi. Curtis alimtia kipepeo yule wa kahawia katika jenasi ya Hipparchia. Baadaye alihamishiwa jenasi ya Erebia, na leo ni Erebia rossii, akipatikana Siberia pia na kaskazini ya Kanada, kiwavi wake akila majani ya jamii ya ndago. Erebia ni neno lililochukuliwa kutoka kwa Erebus, giza la kuzimu katika ngano za Kigiriki, kwa ajili ya rangi ya mbawa. Erebus vilevile ni jina la meli ambayo James Clark Ross aliiongoza baina ya 1839 na 1843 kwenda upande wa pili wa dunia, Antaktiki. Meli hiyo ndiyo aliyopewa Franklin mwaka 1845 pamoja na Terror, zikapotea na watu wote si mbali na Boothia. Mabaki ya Erebus yalipatikana mwaka 2014 na ya Terror mwaka 2016, na katika kuyatafuta masimulizi ya Wainuiti, yaliyopuuzwa kwa miaka mingi, yalisaidia kuonyesha mahali pa kuangalia.

Wakati wataalamu wakibishana juu ya jina, mwili wenyewe umeanza kubadilika. Huko Zackenberg, kaskazini-mashariki ya Greenland, watafiti walipima mbawa za vipepeo waliokusanywa kuanzia mwaka 1996 hadi 2013, zaidi ya elfu nne kwa jumla, wa spishi mbili: Boloria chariclea na yule Colias hecla, jamaa wa karibu wa kipepeo wetu. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2015 walieleza kuwa mbawa zilipungua urefu katika miaka iliyofuata viangazi vya joto zaidi. Ungedhani joto lingemnufaisha kiumbe anayeliomba jua. Maelezo wanayoyaona kuwa na uzito ni kwamba kiwavi mwenye joto jingi huunguza chakula chake upesi kuliko awezavyo kukila, akawa pupa mdogo na kipepeo mdogo. Na kipepeo mwenye mbawa fupi haendi mbali kumtafuta mwenziwe.

Wainuiti, kwa upande wao, wana neno tarralikitaaq, yaani kipepeo, ambalo halikungoja 1835 wala 1812. Kijiji kilichopo kusini ya rasi ile kiliitwa Spence Bay katika ramani za serikali. Mwaka 1992 wakazi wake walikirudishia jina la Taloyoak, na tangu 1999 kimo ndani ya jimbo la Nunavut, lililoundwa kwa ajili ya Wainuiti kujitawala. Rasi yenyewe ramani zingali zinaiita Boothia. Ama kipepeo, itategemea umefungua orodha gani: katika moja utamkuta Booth, katika nyingine Tyche, na katika baadhi ya vitabu vya Kanada utawakuta wote wawili mstari mmoja, tyche kwa Kilatini na Booth kwa Kiingereza.